Mama Mkwe Alimbeba Mume Wangu Mgongoni Ili Aongeze Digrii za Nundu

Ndani ya chumba cha eksirei nilimwona mama mkwe wangu, mwenye miaka sitini na sita, amembeba mume wangu mgongoni.

Siyo mtoto. Mume. Kilo tisini na mbili, ndevu, na funguo za pikipiki zinaning'inia kiunoni.

Juu ya hapo alikuwa amevaa ile aproni nzito ya kukinga mionzi, na miguu ameikunja kiunoni kwa mama yake kana kwamba wanaenda kupata chanjo ya surua.

Mama mkwe alikuwa anatetemeka kuanzia kidevu mpaka magoti. Ila macho yake yalikuwa kwenye mguu wake wa kulia tu.

“Piga!” alimwamuru fundi wa eksirei. “Piga kabla huyu hajanivunja!”

Naomba nieleze mwenyewe tulifikaje hapo, kwa sababu mtaani kwetu kuna watu wanasimulia kivingine, na wengine hata hawakuwepo.

Chanzo ni nundu.

Wengi mnaijua hata kama hamjui jina lake. Kidole gumba cha mguu kinaanza kuwaegemea wenzake, na pale kwenye fundo lake, upande wa ndani, mfupa unachomoza kama tangawizi.

Mwanzoni unaiona ni aibu ndogo. Baadaye inakuwa maumivu. Mwishoni unakubali au unakataa mwaliko wa harusi kwa kufikiria kiatu.

Mimi ninayo mguu wa kulia. Mama mkwe naye anayo mguu wa kulia. Hatuna undugu wa damu hata tone, lakini siku ya kwanza alipouona mguu wangu alisema, “Kweli huyu ni wa kwetu.”

Ndiyo sifa pekee aliyowahi kunipa.

Kazi yangu ni upimaji wa ardhi. Nina diploma, nina miaka kumi kazini, na nikisema mpaka wako umehamia kwa jirani sentimita nne, basi umehama sentimita nne, hata ukinionyesha panga. Nimeshaonyeshwa.

Sasa mwaka huu tukaletewa bosi mpya. Akabandika tangazo: kuanzia tarehe mosi mwezi wa nne, asiyevaa buti za kazi, zile zenye chuma mbele, haingii saiti. Atahamishiwa masjala.

Masjala kwetu ni chumba kisicho na dirisha, kina mafaili mpaka darini na bwana mmoja anayetafuna karanga tangu anapofungua mlango mpaka anapofunga. Aliingia humo kwa muda wa wiki mbili. Sasa ana miaka kumi na tisa humo.

Mimi miezi sita nilikuwa naenda saiti na raba, kwa sababu nikivaa buti dakika kumi tu machozi yananitoka yenyewe. Nikajisemea: haya, nundu itoke, nivae buti, kazi ibaki.

Mama mkwe naye ana shida yake. Ni fundi cherehani. Tunaishi ua mmoja, na barazani kwake ana cherehani ya kukanyaga ambayo ni kubwa kuliko mume wangu kwa umri. Ana oda za sare za shule, na mguu wa kulia ndio injini.

Mume wangu aliwahi kumwambia amfungie mota.

“Mota inashona kama mlevi,” alijibu. Mazungumzo yakaishia hapo.

Basi tukasikia kuna daktari wa mifupa anakuja hospitali yetu kila baada ya miezi mitatu, ananyoosha vidole. Tukaenda sote wawili asubuhi moja, tumeongozana vizuri, mimi nimembebea mkoba.

Nesi wa mapokezi akafungua daftari lake.

“Imebaki nafasi moja,” alisema. “Na nyinyi mko wawili.”

“Hilo tunaliona,” alisema mama mkwe.

“Mtapigwa picha. Daktari anapima pembe, yaani kidole kimelala kwa digrii ngapi. Mwenye hali mbaya zaidi anatangulia. Njooni Alhamisi.”

“Picha tunapigwa tumekaa?” niliuliza.

“Mnasimama. Mguu ukibeba uzito ndipo kidole kinatoa tabia yake yote. Ukikaa kinajifanya chema.”

Nikamwona mama mkwe anatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa siri ya jirani.

Kurudi nyumbani sikumbebea mtu mkoba.

Jioni nilimfuata barazani. Nikamwamkia, akaitika, nikaketi kwenye kigoda.

“Mama, nakuomba unipishe hii nafasi. Kazi yangu iko hatarini. Wewe utaingia safari ijayo, miezi mitatu tu.”

Akaendelea kushona. Aliposimamisha gurudumu akaniangalia juu ya miwani.

“Nikupishe? Nimekupisha mwanangu, na mguu tena?”

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni.

“Kwani hamuwezi kupiga kura?” alisema.

Tukamgeukia wote kwa pamoja. Akakumbuka kuna bomba linavuja nyuma ya nyumba. Yeye ni fundi bomba, na hilo bomba halijawahi kuvuja.

Usiku nikachukua kipimapembe cha mmoja wa pacha wangu, nikaukanyaga upande wa nyuma wa kalenda, nikachora mguu, nikapiga mistari. Nilipima mara tatu, nikachukua wastani, kama nilivyofundishwa chuoni.

Digrii ishirini na saba.

Kesho yake mama mkwe alipita uani pekupeku kwenye udongo uliolowa. Alipoingia ndani nikachutama nikaupima unyayo wake. Mwanangu wa mwisho alikuwa pale.

“Mama, umepoteza nini?”

“Nimepoteza nafasi,” nilisema.

Thelathini na sita, kwa haraka haraka.

Sasa hapa sitajitakasa. Uchafu huu niliuanza mimi.

Nilimwazima dada mmoja wa ofisini viatu vyake vyenye ncha kali, vidogo kwangu waziwazi, nikavivaa siku mbili mfululizo, mpaka kulala. Niliwaza kidole kitalala zaidi. Na kwenye mkoba wangu nikapanga vigingi vinne vya chuma vya mipaka, vile vya kupigilia ardhini kwa nyundo. Uzito, si ndiyo alisema nesi?

Mama mkwe aliniona Jumatano navuka ua na vile viatu, natembea kama kuku aliyekanyaga kaa la moto.

Akaweka sindano chini.

“Ahaa,” alisema. “Kumbe tunaongeza.”

Hakusema kingine. Siku nzima hakusema kingine. Mimi na akili zangu zote nikadhani amekata tamaa.

Alhamisi niliingia mimi kwanza.

Fundi wa eksirei alikuwa kijana mwembamba, mchovu, wa kuongea kwa namba. Akaniambia nipande kwenye kibao nisimame wima.

“Mkoba uache mezani.”

“Una mambo ya kike,” nilimwambia.

Akarudi nyuma hatua mbili. Hakuuliza tena. Nikatandika uzito wote upande wa kulia, vigingi vikalia kidogo, picha ikapigwa.

Nilikuwa bado nyuma ya ukuta wa kioo nasubiri kadi yangu wakati mama mkwe anaingia. Amemshika mwanawe mkono, anayumba kama mgonjwa wa kweli.

“Nina kizunguzungu, baba,” alimwambia fundi. “Siwezi kusimama peke yangu. Mwanangu atanishika.”

“Basi avae aproni.”

Mume wangu akavishwa aproni. Fundi akaja upande wetu wa kioo, akaelekeza macho kwenye skrini, ambako kulikuwa na mguu tu.

Mimi nilikuwa naangalia kioo.

Mama mkwe akainama kidogo. “Panda,” alisema.

“Mama...”

“Nilikubeba ukiwa na degedege kutoka nyumbani mpaka zahanati, mvua inanyesha. Panda!”

Akapanda.

Hapo ndipo mlipotukuta mwanzo wa habari hii. “Piga kabla huyu hajanivunja!” Na fundi akabonyeza.

Alipoinua macho kutoka kwenye skrini alikaa kama sekunde tano hivi bila kupepesa.

“Bibi. Huyo ni nani mgongoni?”

“Huyu ni uzito.”

Fundi akamwangalia mume wangu. Mume wangu akaangalia dari. Fundi akarudi kwenye skrini yake.

“Mguu umetoka vizuri,” alisema. “Mimi napiga miguu. Migongo ni chumba namba tatu.”

Akaita mgonjwa mwingine.

Korido nzima nilimshika mume wangu shati.

“Wewe una akili kweli? Mama yako ana miaka sitini na sita!”

“Mama amesema panda. Ungekuwa wewe ungefanyaje?”

“Ningesimama chini kama watu!”

“Wewe mwenyewe mkoba wako unalia kama duka la vyuma,” alisema.

Nikamwachia shati.

Daktari alituita sote watatu. Mtu mzima wa makamo, mtaratibu, kalamu tatu mfukoni. Alikuwa amebandika picha zetu mbili kwenye ubao wa taa, zimechorwa mistari.

“Huu,” alionyesha wangu, “ni thelathini na moja.”

Nikahesabu moyoni. Vigingi na viatu vimenipa digrii nne. Si haba.

“Na huu ni arobaini na tatu.”

Mama mkwe akajifunga khanga upya kiunoni. Alikuwa anatabasamu kwa upande mmoja, ule ulioelekea kwangu.

“Kwa hiyo,” daktari alisema, “mama huyu mdogo tutampasua kesho. Bibi, pole. Wewe nitakuandikia barua ya hospitali kubwa.”



“Baba,” alisema mama mkwe, “umekosea. Mwenye nyingi ndiye anatangulia. Nesi kasema.”

“Ni kweli, mpaka arobaini. Ikizidi arobaini upasuaji wenyewe ni mwingine. Mfupa unakatwa juu zaidi, vifaa vyake sina hapa, na hata ukinyooshwa mara nyingi hubaki umelala kidogo, tena unaweza kurudi. Sitaki kukudanganya. Unaoanza ukiwa umepinda sana, matokeo yake huwa si ya kujivunia sana.”

Nesi alikuwa mlangoni. “Mbona hukutuambia hilo la arobaini?” nilimuuliza.

“Tangu nianze hapa hajawahi kutokea mtu wa arobaini,” alisema.

“Na huko hospitali kubwa foleni ni ya muda gani?” mume wangu aliuliza.

“Mwaka mmoja. Mwaka na nusu.”

Mama mkwe hakulia. Ningependelea alie.

Alitoka akaketi kwenye benchi la korido, akavua kiatu cha kulia, akaufumbata mguu kwa mikono miwili. Ulikuwa umeanza kuvimba kwa ule mzigo.

“Haya, Mama Pacha,” alisema. Ndivyo anavyoniita tangu nijifungue. “Umeshinda. Nenda kajaze fomu.”

“Mama...”

“Nenda. Nitajifunza kukanyaga kwa mguu wa kushoto. Sare za mwezi wa kwanza nitawaambia watafute fundi mwingine.”

Alisema hivyo bila kuniangalia, na bila kinyongo. Hicho ndicho kilichoniudhi. Miaka kumi na miwili tunatunishiana misuli na huyu mama, leo ndiyo anaamua kuwa mpole?

Nesi akanipa fomu. Nikaijaza jina. Nikaijaza umri. Nikafika pale panapoandikwa “kipimo cha pembe”, na nesi tayari alikuwa ameshaandika 31.

Nikakwama.

Mtu akiniambia mimi mchoyo, sawa. Mkali, sawa. Lakini sijawahi kuweka sahihi yangu chini ya kipimo cha uongo. Kipimo cha uongo kikishaingia kwenye karatasi, mtu anajenga ukuta juu yake. Na hapa hata haikuwa ukuta. Wanaenda kukata mfupa wangu kwa kufuata vigingi vya mpaka.

Na pale benchini kuna mwanamke amefukuzwa kwenye foleni kwa kosa la mtoto wake kuwa mnene.

Nilijua nikirudi mle ndani nafasi inakwenda kwake. Thelathini na sita kwa ishirini na saba, hakuna ubishi. Niliiona masjala. Nilisikia mpaka karanga zinavyovunjika.

Nikarudi.

“Daktari, vipimo vyote viwili ni batili.”

“Batili kivipi?”

Nikafungua mkoba, nikatoa vigingi kimoja kimoja, nikavipanga juu ya meza yake. Kile cha nne kikabingirika kikaangukia faili la mtu.

“Hivi ni vyangu. Nilivishika wakati wa picha.”

“Na bibi?”

“Bibi alimbeba mwanawe.”

Daktari akashika kalamu. Akaiweka.

“Alimbeba mikononi?”

“Mgongoni.”

“Yule bwana aliyekuwa hapa sasa hivi?”

“Huyo huyo. Na aproni.”

Akageukia ile picha ya arobaini na tatu. Akaisogelea, akaitazama kwa heshima kabisa.

“Huu mguu una nguvu,” alisema polepole. Kisha akashusha pumzi. “Mama, nimesomea miguu miaka mingi. Hakuna mwalimu aliyenitahadharisha kuhusu familia yenu.”

Tukapigwa picha upya. Nesi alisimama mlangoni, mume wangu akaamriwa akakae kwenye maegesho ya magari, na fundi wa eksirei alinikagua mikono na mkoba kama askari wa uwanja wa ndege. Mambo ya kike hakuyaogopa tena.

Mimi, ishirini na saba. Mama mkwe, thelathini na sita.

Kama nilivyopima mwenyewe. Sisemi kwa kujisifu, nasema tu.

“Nafasi ni ya bibi,” daktari alisema.

Mama mkwe hakutabasamu safari hii. Alinitazama mimi, akatazama vigingi, akatazama mimi tena.

“Wewe ndiye umesema?”

“Ndiyo.”

“Mjinga wewe,” alisema, akanishika mkono akanibana vidole.

Nikamwambia daktari, kwa sauti ya kazi, aniandike wa kwanza safari ijayo na kama inawezekana anipe barua ya bosi. Nikamweleza habari ya tarehe mosi mwezi wa nne.

Akaniuliza, “Ulitaka nikupasue kesho ili mwezi ujao uvae buti za chuma?”

“Ndiyo.”

“Mama, ningekupasua kesho, wiki sita ungetembea na kiatu cha hospitali. Baada ya hapo raba pana. Buti ya chuma labda mwezi wa nane, mguu ukikubali.”

Sikuelewa mara moja. Akarudia.

“Kwa hiyo ningeshinda hii nafasi...”

“Ungepoteza kazi. Kwa uhakika.”

“Mbona hamkuniambia?”

“Hukuuliza. Tangu umefika hapa umeuliza digrii tu.”

Mama mkwe akaguna. Nesi akatoka nje kwa haraka, na korido nzima ikamsikia anacheka.

Daktari alikuwa bado ananitazama mguu. Akauinua, akaubonyeza pale kwenye nundu.

“Panauma?”

“Hapana.”

“Hapa je?”

“Hapana.”

“Ukivaa ndala?”

“Siumwi.”

“Raba?”

“Siumwi.”

“Unaumwa lini?”

“Nikivaa buti.”

“Bibi, wewe?”

“Mimi naumwa hata nikiota,” alisema mama mkwe.

Akauweka mguu wangu chini. “Sikiliza. Nina wagonjwa wa digrii kumi na nane waliokuja wanalia, na wa thelathini na tano waliokuja kwa sababu tu binti zao wamewacheka. Picha inaniambia nikate wapi. Haiwezi kuniambia kama unahitaji kukatwa. Wewe kabla ya kurudi kwangu, kaangalie hiyo buti.”

Niliondoka nimekasirika. Kwangu hasira ni usafiri. Nikaenda moja kwa moja ofisini, nikapita masjala bila kugeuza shingo, nikasimama kwenye dirisha la stoo.

Mtunza stoo wetu ni mzee wa taratibu zake. Hata ukitaka kalamu anakutolea faili.

“Nataka buti pana,” nilisema. “Nina nundu.”

“Namba?”

“Thelathini na nane.”

Akatoa fomu yangu ya vifaa. Karatasi imekuwa ya njano. Akavaa miwani, akaisoma, akaniangalia miguu kupitia dirishani.

“Hii thelathini na nane nani alikupima?”

“Nilijaza mwenyewe nilipoajiriwa.”

“Yaani kabla ya pacha?”

“Kabla ya pacha.”

“Na kabla ya yule mdogo.”

“Eeh.”

“Na kila mwaka unakuja hapa, nakupa thelathini na nane, unasaini, unaondoka.”



Viatu vyangu vingine vyote nanunua vya mtumba, kwa kujaribu. Ukiingia umeingia, nani anasoma namba?

Mzee akatoka stoo na futi ya chuma. Futi yangu mwenyewe ya saiti, naijua kwa mkwaruzo wake. Akailaza sakafuni, nikakanyaga, akazitafuta sentimita zangu kwenye chati ya namba za viatu.

Arobaini na moja.

Miaka kumi nimepima viwanja, mitaro, makaburi na nundu ya mama mkwe wangu matopeni. Mguu wangu mwenyewe sikuwahi kuupima urefu.

Kila kilichouma nilisema ni nundu. Ndiyo, nundu ipo, na ilikuwa inabanwa kweli. Ila ilikuwa inabanwa pamoja na vidole vingine vinne, kisigino na akili yangu, ndani ya kiatu cha msichana niliyekuwa zamani.

Akanipa arobaini na moja, pana. Nikaingiza mguu. Nikafunga kamba. Nikasimama.

Nikasubiri machozi.

Hayakuja.

“Tembea basi,” alisema mzee. “Unasubiri ruhusa?”

Nikatembea mpaka getini, nikarudi. Nundu ilikuwa inagusa kidogo tu, kama mtu anayekukumbusha yupo. Nikasaini fomu mpya, na tarehe mosi mwezi wa nne nilikuwa saiti kabla ya bosi.

Mama mkwe alipasuliwa Ijumaa ile.

Wiki sita alikaa na mguu juu ya mto, akitoa amri kwa kidole. Jioni nikitoka kazini nilikuwa nakaa kwenye cherehani yake, nakanyaga, yeye anaelekeza. Nilishona mifuko ya sare arobaini. Kumi na mbili alinifumulisha.

Alipopigwa picha ya mwisho, kidole kilikuwa kimetoka thelathini na sita mpaka kumi na mbili. Daktari alifurahi akamwita nesi aje aone.

Mama mkwe aliiangalia ile picha, kisha akauangalia mguu wenyewe kwa muda mrefu.

“Hakijanyooka chote,” alisema.

“Bibi, unaumwa?”

“Siumwi hata kidogo. Lakini hakijanyooka chote.”

“Unakanyaga cherehani?”

“Tangu Jumatatu, saa tano kwa siku.”

“Sasa tatizo ni nini?”

“Nimesema siumwi, sijasema nimeridhika,” alisema, akavaa kiatu.

Mimi sijapasuliwa mpaka leo. Daktari alisema nundu ya ukubwa wa yangu hunyooka vizuri, lakini asiye na maumivu ndiye mgumu kumridhisha, kwa sababu hana cha kupungukiwa isipokuwa siku za kazi. Siku ikianza kuuma ndani ya ndala nitakwenda, mikono mitupu.

Funzo nililopata ni fupi. Wewe unayepanga kwenda kunyooshwa kidole, acha kushindana digrii na watu wa foleni. Muulize daktari maswali mawili: nitavaa kiatu gani, na lini? Andika jibu. Kama una mkataba wa kazi, mpe ausome.

Halafu kabla hujaondoka nyumbani, weka futi sakafuni, kanyaga, na usome namba. Usisome ile unayoikumbuka. Soma iliyopo.